Daktari wa Makka na Maji ya Bamia

Bi Nuru, mwalimu wangu,

Amani ya Mola ikufikie huko uliko, na kaburi lako liwe na nafasi na mwangaza. Ni mimi Mwanaesha, yule uliyemchukua kufuta vumbi la vitabu akaishia kuvisoma. Yapata miezi minane tangu tukuzike na sijakuandikia hata mstari mmoja. Kila nikianza, machozi. Leo nimeshika kalamu kwa sababu nina kisa cha kukuchekesha, na wallahi utashika mbavu.

Kwanza ya maktaba. Feni imetengenezwa, alhamdulillahi, na mtandao umerudi. Kiti chako nakikalia mimi. Wiki ya kwanza nilikaa pembeni pembeni kama mgeni, sasa nakikalia chote. Kile kitabu kinene cha maradhi bado kipo, na bado kina karatasi uliyobandika mgongoni: "Mimi ni wa zamani, niulize umri wangu." Wageni wanaipiga picha.

Sasa kisa chenyewe.

Mama yangu aliacha vidonge vyake vya sukari. Hakumwambia mtu. Nilikuja kugundua nilipofungua bweta lake kutafuta sindano, nikakuta dawa za siku kumi na moja zimelala pale, hazijaguswa. Nikaunganisha mambo: maji aliyokuwa akinywa usiku na mchana, miguu kumlegea, na kunambia anaona watu kwa ukungu. Bi Nuru, niliogopa. Niliogopa sana. Marehemu baba alikwenda kwa maradhi haya haya, wajua mwenyewe.

Nikamuuliza, akanitolea simu kwa fahari. Ujumbe wa sauti, umetumwa katika grupu la akina mama wa arusi. Mwanamke anasema kwa sauti ya kuapa: daktari mkubwa wa Makka amethibitisha, kata bamia saba, ziloweke usiku kucha, kunywa maji yake kabla ya alfajiri, siku arubaini utupe vidonge. Mama alikuwa amebakisha siku ishirini na tisa. Nilipandisha sauti. Naye akanipandishia yake: "Kwani wewe daktari? Wewe si mfuta vumbi?"

Basi nikaenda zangu maktaba nikafanya ulivyonifundisha. Nilianza na kile kitabu kinene, nikapata sukari ni nini na humfanya nini mtu akiiacha bila dawa, hayo hayazeeki. Ya dawa zenyewe sikuyachukua, maana kitabu kimenizidi umri. Nikafungua kompyuta. Jibu la juu kabisa lilikuwa zuri mno, lina picha ya bamia inang'aa, na mwandishi anajiita mtaalamu. Nikashuka mpaka chini ya ukurasa, kama ulivyozoea kunikazania, "Shuka, mwanangu, shuka, mwenye haya huandika jina na tarehe." Hakuna jina, hakuna tarehe. Kulikuwa na kitufe cha kununua unga wa bamia. Nilicheka peke yangu. Nikaenda kwenye mwongozo wa wizara ya afya, kisha kwenye zile kurasa za marejeo ya tiba ulizoniandikia kwenye daftari, ambazo madaktari wanataja majina yao na lini walipitia upya walichoandika. Kote neno lilikuwa moja. Bamia ni mboga njema, mtu ale. Vidonge usiviache bila ya anayekutibu kusema.

Nikachapisha, nikampelekea Mama. Hata hakuvaa miwani. "Makaratasi," akasema, "na huyu ni wa Makka."

Hapo ndipo nilipokukumbuka hasa. Wewe uliyesoma chuo cha Kurani ukiwa mdogo, ukatuambia habari ya dawa ipimwe kama yanavyopimwa mapokezi ya dini: nani kampa nani, mpaka ufike kwa wa kwanza. Mtu akikuletea jambo humbishii. Unamwambia tu, "Nipa ndia yake," yaani njia iliyopita mpaka ikamfikia. Nikamwambia Mama: haya, mimi sibishi, nipa ndia ya huyu daktari. Nikifika kwake na kweli ni daktari, bamia nitakukatia mimi kila usiku. Akakubali. Kwa mapokezi Mama hakatai, ni mtoto wa mwalimu wa madrasa.

Ujumbe aliupata kwa Bi Amina, jirani yetu hapa Mkomani. Bi Amina kaupata kwa mkaza mwanawe Kipungani, wanaposuka mikeka. Yule kaupata kwa shoga yake aliyeolewa Mombasa, na huyo shoga ndiye mwenye sauti! Nikampigia, Mama kakaa ubavuni kwangu, simu wazi asikie. Nikamuuliza kwa adabu daktari wa Makka ni nani.

"Ah, dadangu, daktari simjui," akasema. "Nilisikia kwenye arusi huko kwenu Lamu. Kuna mama mmoja mnene, mcheshi, kavaa leso ya manjano, ndiyo kwanza karudi Umra. Alituambia sukari yake imetulia tangu aanze maji ya bamia. Nikasema huyu bila shaka kayapata kwa daktari wa huko."

Nikageuka. Mama kaziba mdomo kwa leso. Ya manjano, Bi Nuru.

Kumbe ni yeye! Alisema mwenyewe alipotoka Umra, akiwa bado anameza vidonge asubuhi na jioni, ila vidonge hakuvitaja kwa sababu kwenye arusi nani anataja vidonge? Maneno yakazunguka visiwani, yakaongezwa daktari, yakaongezwa siku arubaini, yakamrudia, akayaamini. Tulicheka mpaka Bi Amina akaja kuuliza kuna nini. "Daktari wa Makka ni mimi!" Mama alimwambia, machozi yakimtoka.

Siku ile ile tulikwenda kliniki. Sukari ilikuwa juu, juu sana, na muuguzi hakucheka hata kidogo. Akamrudisha kwenye vidonge, akamwita kila wiki. Sasa imeshuka. Ukungu umeondoka machoni. Juzi ametunga uzi kwenye sindano bila kuniita.

Na ametuma ujumbe wake mwenyewe katika grupu lile lile, kataja jina lake na la babake, kaeleza alivyokosea. Tangu hapo wanawake wanakuja maktaba na simu zao mkononi. Wanaume pia, ila wao husema wanauliza kwa niaba ya rafiki yao.

Mwalimu wangu, nimekukosa. Nilitamani ukae pale ukisikiliza ile simu. Nakuahidi mtu hatatoka hapa na jambo nisilolijua asili yake, na nisipojua nitasema sijui, mbele za watu, hata nikionekana mjinga. Mola akurehemu kwa kila ulichonifundisha.

Naishia hapa. Mama ananiita tule, na nikichelewa kumwitikia hukasirika. Acha akasirike, Bi Nuru. Yupo.

Mwanafunzi wako,
Mwanaesha