Misandali ya Marehemu Mama Yako

Upongkor,
Erromango.
14 Agosti 2019

Mpendwa mpwa wangu Sempet,

Kwa heshima na taadhima, naitangazia jamaa yote, iliyoko kisiwani na iliyotawanyika, msiba uliotufika: keekee yangu ya kutobolea mbao imevunjika ncha.

Baada ya msiba huo, salamu. Hujambo huko Australia? Mgongo umeshazoea kuchuma machungwa? Mimi mzima, ila goti. Mkeo na watoto hawajambo, na viazi vikuu vimejaa ghalani. Nafupisha salamu kwa sababu nimekasirika, na simu yako haipatikani.

Keekee kaivunja Netai, mtoto wa mama yako mkubwa. Jumatatu aliingia kwenye misandali aliyoipanda marehemu mama yako, ile ya kuuzwa upate kujenga nyumba. Shingoni taulo, mkononi chupa ya maji moto ya majani ya mlimau. Akatoboa mti mmoja, akaunusa unga wa kiini, akatikisa kichwa kama mganga.

"Haunuki kitu! Mama mdogo alipewa mbegu za ovyo."

Nafika, mti uko chini. Na mwisho wa mwezi atakata yote iliyobaki, apande kava, mizizi ya kulewea!

Nilimfokea mpaka kuku wakakimbia. Unajua mimi husoma hata karatasi za kufungia sabuni, na hili nimelisoma sana. Ndani ya mti mna vimeng'enya, mafundi wasioonekana. Misandali yote huanza na uzi uleule mmoja. Kimeng'enya huukamata, kikaukunja na kuufunga fundo. Ukikunjwa hivi, unapata harufu tamu ya sandali. Ukipindishwa vile kidogo tu, inatoka harufu nyingine kabisa. Fundi mmoja huweza kufunga mafundo ya namna nyingi, na mafundi wengine wakaja kuyatia nakshi. Mama yako na mama yake Netai walisuka ukindu wa kichaka kimoja. Nani aliwahi kuchanganya mikeka yao?

Ndiyo maana miti ya mbegu za mama mmoja, majani yakifanana kama mapacha, hutofautiana viini. Hutoboi mmoja ukaihukumu yote!

"Mjomba, hivyo vimeng'enya umeviona wapi?"

"Vinafanya kazi kuliko wewe!"

"Basi viite vije vinishikie shoka."

Mpumbavu yule. Enzi za mababu, wageni walikuja na meli kutukatia misandali. Huyu wa kwetu hakuhitaji hata meli.

Miti ni yako, Sempet. Mimi ni mjomba tu, napiga kelele bure. Mpigie Netai kabla mwezi haujaisha, umkataze kwa kinywa chako mwenyewe. Mama yako aliimwagilia ile miti akiwa mgonjwa. Nilimwona.

Mkeo anakusalimu, na Bibi Marta anauliza kama huko mnakula laplap ya viazi vikuu iliyookwa kwenye majani. Nisalimie Yomot mchumaji mwenzako, mwambie baba yake anaota jua. Mungu akulinde juu ya ngazi na chini yake.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye hata nikiwa na hasira,
Nouar

N.B. Nimeifungua tena bahasha. Leo asubuhi Netai alipita penye lile gogo, akasimama kama aliyeitwa. Harufu ya sandali imetapakaa mpaka mlangoni pa kanisa. Kumbe Jumatatu alikuwa na mafua.