Bega la Fundi Dari

Jumatano, 5 Machi

Kesho nakatwa. Kano za bega la kulia zimechanika na kusinyaa, hazishoneki tena. Daktari atachukua msuli wa mgongoni, ule wa kuvutia vitu chini, auhamishie begani uinue mkono. Nikamwuliza kama nitafika tena darini. Hakuahidi.

Miaka ishirini na sita napiga lipu ya dari — hakuna dari langu lililodondoka! Hawaniiti Fundi Dari bure. Na la ukumbi wa shule nimeliacha nusu. Mdogo wangu wa kiume, niliyemfundisha kazi mwenyewe, anataka kulimalizia. Nimekataa. Kila fundi na mkono wake. Pale kwenye kiungo, nusu yangu inapokutana na yake, hata kipofu angepaona.

Alhamisi, 17 Aprili

Wiki sita za kufungwa mkono zimeisha. Mume wangu kanivisha, kaniosha nywele, hakulalamika hata siku moja. Nampenda. Ila sabuni yote machoni!

Jumanne, 10 Juni

Mazoezi. Naambiwa inua. Bega linapanda hadi sikioni, mkono umelala palepale. Mazoea yetu mafundi wa dari — tukichoka, tunabebea shingo. Mama wa mazoezi akasema niache kuinua, nivute chini. Nikadhani ananitania.

Halafu nikaikumbuka kamba ya kapi kwenye jukwaa letu la ujenzi. Unaivuta chini, ndoo ya lipu inapanda. Nikafumba macho, nikavuta ndoo. Mkono ukapanda mpaka usawa wa macho!

Nililia mbele ya watu, na sioni haya. Mama wa mazoezi kaomba awafundishie wengine mfano wangu wa kapi. Mimi, mwalimu wa hospitali! Nimemsimulia mume wangu mara tatu. Ya nne akajifanya kasinzia.

Jumatano, 10 Septemba

Naandikia jukwaani, ukumbi wa shule. Daktari karuhusu kazi nyepesi. Lipu ya dari hakuitaja, nami sikumkumbusha.

Nilisimama na mwiko mtupu. Nikavuta ndoo yangu ya mawazoni. Ncha ikagusa dari, kwenye kiungo kabisa. Imegusa!

Mdogo wangu chini akaegemeza beleshi ukutani. Kisha: "Dada, mkono umefika. Hiyo inatosha. Mzigo niachie mimi."

Nikamwambia akoroge lipu kidogo tu, ya kujaza kibao kimoja cha mkononi. Kabisha, kanuna, kaenda.

Mkono umechoka, mwandiko huu ni shahidi. Lakini ni wangu. Beleshi la mdogo wangu lilikuwa linakwaruza sakafu, sasa limetulia. Kamba ya kapi inalia. Ndoo inapanda —