Mpita Njia wa Siku ya Alhamisi

Nyakabiga, Bujumbura
Aprili 2005

Kwa Baba yangu, Mzee Chabani
Mwanga, Kigoma

Assalaam aleikum, Baba,

Pokea salamu za mtoto wako Houda, kwanza wewe, kisha Mama, kisha binamu yangu Asiya na wote wa hapo nyumbani. Mimi sijambo, alhamdulillah. Shangazi Khadidja naye yuko salama, ila goti linamsumbua mvua zikinyesha, na mwaka huu zinanyesha kweli. Na nyinyi, afya zenu zikoje? Kile kikohozi chako kimetulia? Mama aliniambia kimetulia, lakini Mama hapendi nihangaike, kwa hiyo nakuuliza wewe mwenyewe.

Baba, leo nakuandikia juu ya kazi yangu. Sijasahau ulivyosema nilipoajiriwa Akeza kushona nguo za michezo ya kuigiza. Ulisema mtoto wa fundi wa Buyenzi hakufundishwa cherehani ili awavishe watu wa kuchekesha, na kwamba habari hizo zisiingie nyumbani kwako. Nimekutii. Miaka yote hii nimekuandikia mvua, harusi na misiba ya majirani, basi. Leo naomba uniwie radhi, usome hadi mwisho.

Akeza ni nyumba ya sanaa hapa Nyakabiga. Ina idara nne: tamthilia, ngoma, uchoraji, na sisi wa mavazi. Vita vimewafanya watu waogope kuja kutazama, na kwa sababu ya amri ya kutotoka usiku, mchezo tunaumaliza jua likiwa bado kali. Mwaka jana mkurugenzi wetu, Anselme, alirudi kutoka mafunzoni Nairobi akatukusanya. Alisema watu wetu wametawanyika, wengine makambini, wengine Ulaya, na kama wao hawawezi kuja kwetu, sisi twende kwao. Kila idara ingekuwa na siku yake ya kuandika kwenye blogu, yaani ukurasa wa intaneti ambao mtu yeyote anausoma na kuacha maneno yake chini. Mavazi tulipewa Alhamisi. Halafu akanigeukia mimi, akasema nitasimamia idara zote, eti kwa sababu niliwahi kujifunza kupiga taipu.

Haikuwa rahisi, Baba. Bonfils, mkubwa wa ngoma, alinicheka. Alisema, "Houda, ngoma inapigwa. Mi sijaona mutu anaandika ngoma." Wachoraji walileta picha bila neno hata moja. Watu wa tamthilia waligombana wiki nzima kama waandike Kifaransa, Kirundi au Kiswahili, na mwisho hawakuandika kitu. Mimi mwenyewe niliandika kwamba idara ya mavazi inaendelea vizuri na kazi zake. Nani angesoma kitu kama hicho?

Kisha kulikuwa na Dévote, mwigizaji wetu wa siku nyingi. Yeye alikataa kabisa. Nilimfuata tulipobaki wawili, akaniambia polepole kwamba mwaka ule mbaya wa mauaji aliona jina la kaka yake limeandikwa kwenye orodha, na baada ya hapo hawakumwona tena. Alisema yeye hamlaumu mtu, ila majina ya watu hatayaandika popote. Sikubishana naye. Nilikwenda kwa Anselme, nikamweleza. Tukakubaliana kwamba jina la mtu haliandikwi, wala mahali pa mazoezi, na kila idara itatia sahihi kwa jina la idara tu.

Baada ya hapo Dévote alikuja mwenyewe, akakaa kando ya cherehani yangu, akanisimulia jinsi alivyosahau maneno katikati ya mchezo, akajifanya amepaliwa na mate hadi mwenzake akamnong'oneza. Niliandika vilevile alivyosema. Baba, watu walicheka kutoka kila upande wa dunia! Tangu hapo sikumwambia mtu tena aandike. Nilipita kila idara nikiuliza leo kimeharibika nini. Bonfils alizungumza mpaka chai yake ikapoa, juu ya ngozi ya ngoma iliyonyeshewa. Mimi nilikuwa naandika kwenye karatasi, halafu nakwenda sibere, lile duka la intaneti karibu na soko, kuyaingiza kwenye blogu. Sasa Bonfils ndiye anayenisumbua, anataka kujua kama wasomaji wetu walioko Uswidi wamejibu.

Katika hao wanaojibu alitokea mmoja anayejiita Mpita Njia. Alhamisi moja nilieleza koti la mtemi katika mchezo wetu, kwamba kola yake inalala kila nikiisimamisha. Yeye akaandika chini: "Fundi, kitambaa cha ndani hukukiloweka. Loweka, anika kivulini, ndipo ukate." Nilifanya hivyo, na kola ikasimama. Alhamisi iliyofuata akanisahihisha mikono, kisha mifuko, kisha vitundu vya vifungo. Hakuwa mtu wa sifa. Mara moja tu, tulipoweka picha ya lile koti, aliandika: "Afadhali."

Mwezi uliopita risasi zililia kwenye vilima vya juu ya mji. Laini za simu zikakatika, sibere ikafungwa, nasi tukakaa ndani. Zilipita Alhamisi kadhaa bila sisi kuandika kitu. Sibere ilipofunguliwa nilikimbilia ukurasa wetu, nikakuta maneno ya Mpita Njia yamepangana moja chini ya jingine. La kwanza lilikuwa juu ya uzi. La pili: "Fundi, uko?" Likafuata jingine: "Fundi, uko?" Na la mwisho: "Houda mwanangu, andika hata neno moja."

Jina langu halijawahi kuandikwa kwenye ukurasa ule, Baba. Unajua sasa kwa nini.

Nililia pale pale, mpaka mwenye sibere akaniletea maji. Kisha nikapiga simu kwa jirani yenu. Mama alipiga kelele za furaha, akakupa simu. Uliniuliza kama huku mvua inanyesha. Nikasema inanyesha. Ukasema vizuri, tukaagana.

Sasa na mimi nina la kukuambia, ambalo simuni nilishindwa. Nilikutambua tangu ile siku ya kuloweka kitambaa. Juzi yake tu Mama, ambaye nilimdokezea blogu kwa simu, alikuwa ameniomba nimtajie anwani ya ukurasa herufi kwa herufi, akidai ni Asiya anayeitaka. Na ni nani mwingine anayemwambia fundi "ndipo ukate", kama vile mkasi unangoja ruhusa yake? Tangu siku hiyo, Baba, sikuwa tena na shida yoyote ya kushona. Mikono ya koti najua kuipachika tangu nikiwa mdogo, wewe ndiye ulinifundisha. Mifuko najua, vitundu vya vifungo najua. Niliviharibu kwenye maandishi tu ili unigombeze. Kila Jumatano nilikuwa najiuliza, kesho nimharibie Baba nini? Anselme hajui kitu, na anawaambia wenzangu waige idara ya mavazi jinsi inavyoongea na wasomaji wake.

Usione haya kwamba nilikutambua, na mimi nimejaribu kutoona haya. Nilikuwa nimekukosa sana.

Baba, watu waliokimbia wameanza kurudi kidogo kidogo, hata Buyenzi, mtaa wetu wa zamani, nimewaona. Nataka kukushonea koti, lako mwenyewe, la kuvaa Idi. Niliupima mwili wako kwa macho siku mliyoondoka, lakini Mama anasema umekonda, na bega la mtu huwezi kulipima kwenye intaneti. Njoo na Mama. Kama ukumbi wa michezo hutaki kuuingia, chumba cha kushonea kina mlango wake wa nje, na kiti nitakiweka karibu na dirisha. Nami nitakupima taratibu.

Nisalimie Mama, mwambie siri yake haikudumu. Mpe Asiya mkono wangu, na majirani wote wa hapo Mwanga. Mungu akulinde kifua na macho, atukutanishe tukiwa wazima.

Ni mimi mtoto wako,
Houda binti Chabani