Kicheko cha Yurany

Dada yangu Nohemí,

Huku Facatativá ni baridi tu, na mawaridi ya kufunga hayaishi. Kazi yangu bado ni ileile ya kumfafanulia mfanyakazi wenzake wamemsemaje kwenye fomu za tathmini. Jana alikuja Yurany, yule mgeni. Wote wamemsifu, isipokuwa mume wangu Wilmer: "Anacheka ovyo, mpaka mtu hata kufanya kazi hawezi."

"Dada Aleida, nimemkosea nini mumeo?"

"Hujamkosea, mpenzi. Watu hatufanani." Usoni natabasamu, rohoni nawaka.

Unakumbuka Wilmer alivyonishtaki kwa msimamizi, tulipokuwa tukifunga maua meza moja? Maneno hayohayo! Hata Krismasi haijafika, akaja kuniposa.

Nimemshauri Yurany ahamie shamba la kampuni lililo Cauca, mbali kabisa na huku. Huko, nimemwambia, kicheko chako watakipenda.

Mdogo wako asiyecheka siku hizi,
Aleida