Mkono wa Profesa

Jumatatu, 6 Mei
Mwalimu wa hesabu katangaza: timu ya chesi imebakiza nafasi moja. Tunaigombea wawili — mimi na yule wa darasa letu tunayemwita Profesa, maana hanyamazi. Tunacheza kesho. Tukitoka sare, tunarudiana Ijumaa. Naitaka nafasi hii! Ni mchezo pekee ambao mtu halazimiki kuongea.
Kaka kanicheka. Eti wewe hata kuku humfukuzi, utamfukuza mfalme wa watu?

Jumanne, 7 Mei
Nilianza na askari wa malkia, hatua mbili. Profesa akaweka wake, uso kwa uso. Nikasogeza wa pembeni — chambo, njoo umle. Hakula! Akajifungia nyuma ya askari wake kama mtu anayedaiwa kodi. Haya. Nikambana polepole. Mwishoni nina askari mmoja zaidi, kabakiza hatua mbili tu ageuke malkia.
Ndipo Profesa akanyoosha mkono, meno yote nje. "Sare, dada?"
Nikaupokea. Jamani! Nimelelewa hivyo — mkono ukitolewa, unapokewa. Na "asante" juu. Asante ya nini?!
Mwalimu alipoona ubao akavua miwani. Akauliza nilimhurumia au nilisinzia. Nikaangalia viatu vyangu. Vichafu.

Jumatano, 8 Mei
Kaka kila akipita ananyoosha mkono: "Sare, dada?" Mara ya tatu nimeupokea tena. Bila kufikiri!
Jioni nimefanya mazoezi kwenye kioo. Hapana. Hapana. Sori, hapana. (Sori ya nini?)

Ijumaa, 10 Mei
Naandika haya chooni.
Askari yule yule, chambo kile kile — leo Profesa kala! Basi katikati ya ubao pakawa pangu. Sasa nina farasi zaidi, na mfalme wake hana pa kukimbilia. Kaliona hilo. Na mkono huoo, juu ya meza. "Sare, dada?" Darasa zima likasogea karibu. Mkono wangu ukaanza kwenda wenyewe! Nikaukalia. Nikaomba ruhusa ya kutoka.
Neno ni moja tu. Nalijua kwa lugha mbili!
Na saa yangu ya mchezo inakimbia kule mezani.
Mwalimu kagonga mlango, anauliza kama naumwa. Nimejibu kwa sauti mpaka nikashtuka: siumwi, nakuja, Profesa aondoe mkono wake mezani! Nje wamecheka. Nadhani hata yeye.
Kumbe hapana yangu inatoka. Bado kuisema usoni pake. Nanawa mikono, nataka kuifuta — hapana, naiacha na maji, asitamani kuishika —