Kamera Ishuke Chini

Jumamosi, 11 Januari

Theluji tena. Elia alinipeleka Brampton kwa Kamau kama kila Jumamosi, akiilalamikia barabara tangu nyumbani Malvern. Mume wangu hapendi michezo ya vita ya kompyuta, lakini hunipeleka. Tulicheza watatu: Kamau kapteni, Espérance na mimi. Kamau ni wa Nyeri, mwenye besimenti, kile chumba cha chini tunamochezea, na mwenye maneno. Espérance ni wa Bujumbura. Kazini anatunza wazee. Kwenye mchezo hana huruma hata chembe.

Tumeumaliza ule mchezo wa zamani. Ramani bapa, vyumba vyumba kama sega la nyuki, kamera imepigiliwa juu kama balbu. Kilima ni doa la kahawia tu. Unajua kipo kwa sababu umeambiwa. Nimeuchoka.

Kamau katangaza kwamba mashindano ya timu mwezi ujao yatachezwa kwenye ule mpya. Pande tatu kamili, urefu, upana na kina, na kamera inakwenda utakako. Nilipiga meza kwa furaha. Wenzangu hawakupiga. Waliangaliana.

Niliwaona. Jicho moja lilitosha.

Jumapili, 12 Januari

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa nawaza walivyoangaliana.

Jicho la kushoto halioni tangu mwaka jana, kamba ya kufungia mzigo ilipokatika ghalani ikanichapa usoni. Nilikuwa dereva wa foklifti, gari la kuinulia mizigo. Sasa niko mezani, nabandika lebo. Kwa hilo sikubishana. Foklifti ina uma wa chuma na mbele yake wanapita watu, nami siwezi tena kupima umbali kama zamani. Nimelilia, nimemeza.

Mchezo haumpondi mtu.

Jumatano, 15 Januari

Kamau kapiga simu nikiwa mapumzikoni. "Dada Neema, usikasirike bana. Tumeonelea wewe ukae kwenye ramani, upange chakula na risasi. Mimi na Espérance tutaongoza askari uwanjani. Hii mpya inataka macho, unajua..."

Hakumalizia. Nikamwuliza Kamau, Espérance amesemaje. Amekubali, akasema.

Nimekasirika. Nimekasirika sana. Nimebandika lebo kichwa chini miguu juu na sikujali.

Jioni Elia akasema labda Kamau yuko sahihi, jicho lililobaki ni la kutunza. Nilichukua sahani yangu nikaenda kula mbele ya kompyuta.

Alhamisi, 16 Januari

Nimeupakua ule mpya. Nimeucheza tangu nilipotoka kazini mpaka chakula cha jioni. Niandike kabla sijasahau.

Nilisimamisha kamera: kilima kikawa picha ya ukutani, sijui kiko mbali au karibu. Nikaisogeza kidogo pembeni: mti wa mbele ukakimbia, wa nyuma ukabaki. Umbali huo hapo! Ndivyo ninavyovuka barabara siku hizi, natikisa kichwa kama njiwa. Na skrini ni bapa. Mwenye macho mawili anaonyeshwa picha ileile moja ninayoonyeshwa mimi. Hanizidi kitu.

Kabla sijaumia tulicheza mwingine wa pande tatu, ambao kamera yake ilifungwa kwa jemadari wako kama mbuzi kwenye kigingi. Ulikuwa unaona anachoona yeye, basi. Kamau aliuchukia. Mimi niliuheshimu, maana ulikulazimisha kutuma mtu akatazame. Lakini leo ungeniua. Kamera iliyofungwa haitikisi kichwa.

Huu mpya umependezeshwa kupita kiasi. Majani yanapepea, vifungo vya makoti vinang'aa. Haya yote hayanisaidii kitu. Moshi nimeuzima. Vivuli nimeviacha. Kivuli hakidanganyi kuhusu ardhi.

Jumamosi, 18 Januari

Nilikataa kukaa kwenye ramani. Nilisimama katikati ya besimenti na koti langu bado mwilini.

"Tucheze, Kamau. Mimi na wewe. Ukinishinda, nakaa unapotaka."

Akacheka. Hataki kunidhalilisha, eti. Neno hilo. Kana kwamba hajanidhalilisha tayari.

Nilivua mtandio nikampa Espérance, nikamwambia ajifunge jicho moja acheze. Akajifunga. Aliteka daraja kama anavyoliteka siku zote. Akavua mtandio. "Eh, Mungu wangu. Ni sawasawa tu." Hakuniangalia usoni.

Kamau kasema dakika chache za mtandio si vita nzima. Lakini kakubali. Jumamosi ijayo.

Jumanne, 21 Januari

Mazoezi. Kichwa kinauma. Jicho linatoa machozi. Elia sitamwambia.

Ijumaa, 24 Januari

Elia kaona mwenyewe. Alinikuta na kitambaa cha maji baridi usoni.

"Unataka kumwonyesha nani?"

"Hakuna."

"Basi acha."

"Siachi."

Kasema kesho hanipeleki. Nikamwambia mabasi yapo. Anaogopa, najua. Alikaa hospitali na mimi siku zile mbaya. Lakini woga wake hauwezi kuwa ndio maisha yangu.

Jumamosi, 25 Januari

Basi, treni, basi tena. Viatu vilifika vimelowa. Vizuri, nilifika na hasira.

Kamau alipanga mizinga yake juu ya kilima, wapanda farasi kulia kwangu. Halafu akafanya anachofanya siku zote: akapandisha kamera juu kabisa mbinguni. Kutoka huko dunia inarudi kuwa bapa. Mtu amepewa pande tatu, anazicheza kama ramani!

Mimi niliishusha. Chini, kwenye buti za askari. Nikazunguka kinu cha upepo, nikazunguka shamba, natikisa, natikisa. Nyuma ya kinu kivuli kilikuwa kirefu kuliko inavyotakiwa. Bonde. Jembamba, linapanda taratibu mpaka ubavuni mwa kilima chake. Nikaipeleka kamera kwenye magurudumu ya mizinga yake nikatazama alikokuwa anatazama yeye. Majani tu. Mizinga yake haikuwa na njia ya kuliona lile bonde.

Nikawapitisha askari wa miguu humo.

"Hao wametoka wapi?" Kamau alipiga kelele. "Wametoka wapi hao?"

Tuliiteka mizinga. Kulia kwangu farasi wake walinisaga, nusu ya jeshi langu lilikufa pale, na kwa muda nilidhani nimekwisha. Lakini mizinga ilikuwa yangu sasa, nikaigeuza.

Nimeshinda. Kwa kidogo. Nimeshinda.

Kamau aliegemea kiti, akasugua uso. "Haya. Utaongoza uwanjani. Mimi nitakaa kwenye ramani." Samahani hakusema. Espérance aliisema, akiwa amenishika mkono: "Dada, niliogopa kukuuliza, ndiyo maana nikakubali." Nikamwambia siku nyingine aulize. Sitavunjika.

Nje nilikuta gari la Elia, injini inaunguruma, kiti changu kimeshapashwa joto. Niliingia, nikafunga mkanda.

Jumamosi, 8 Februari

Mashindano. Tumeshinda pambano la kwanza, tumetolewa la pili.

Kosa ni langu. Nilizama katika kupendezwa na bonde jingine, nikasahau kuigeuza kamera nyuma. Wapanda farasi wakaingia mgongoni. Macho hayahusiki hapo. Ni uzembe.

Kamau alinifokea. "Neema! Nyuma! Si nimekuambia nyuma?" Alinifokea vilevile anavyomfokea Espérance, bila kulainisha neno. Niliinamisha kichwa, nikapokea. Moyoni nilikuwa nacheka. Mwaka mzima hakuna aliyenifokea.

Mwezi ujao waandaaji wanataka kurudi kwenye ramani bapa, eti ni ya haki zaidi kwa wote. Nitapinga. Nimeshaanza kuandika hoja zangu.

Jumapili, 9 Februari

Espérance kaja baada ya ibada. Elia alikaanga maandazi. Tulikaa watatu jikoni.

Nilimimina chai ikaanguka pembeni ya kikombe, ikatambaa juu ya kitambaa cha meza. Vitu vya kweli bado vinanikwepa.

Elia aliinuka.

"Kaa," nikamwambia.

Akakaa. Nilifuta meza. Nikagusisha mdomo wa birika kwenye ukingo wa kikombe, nikamimina polepole, nikisikiliza. Kikajaa.

Espérance akakisogeza chake karibu na birika.