Mazeze Saba ya Mtu Aliye Hai

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa kituoni, chumba namba 2, tarehe 18, saa 8:20 mchana

Jina: kama kitambulisho kinavyosema, mtaani naitwa Mama Vifungo
Umri: miaka 43
Kazi: fundi cherehani, mavazi ya jukwaani
Makazi: nyuma ya kiwanda cha sabuni, nyumba ya geti la kijani

Naishi na mjomba wangu, kaka yake mama, mwenye miaka 76. Ni mtengenezaji na mpigaji wa zeze. Mimi ndiye mwanafunzi wake pekee aliyebaki. Wengine wamekimbilia kinanda. Miaka tisa mfululizo ameomba ruzuku idara ya utamaduni, na miaka tisa amejibiwa kwamba bajeti haikutosha.

Mnamo tarehe 3 mwezi uliopita idara ilitangaza Fungu la Urithi. Redioni kila siku tunaambiwa utamaduni ni urithi wetu, nikajua hilo ndilo letu. Macho ya mjomba hayasomi tena, hivyo nilimjazia fomu. Palipoandikwa "mwenye urithi" niliweka jina lake. Chini yake paliandikwa "mrithi".

Mjomba akauliza, "Mrithi ndiyo nani huyo?"

"Si mimi, mjomba? Kazi unamwachia nani mwingine?"

"Haya, andika. Wewe ndiye msomi wa nyumba hii."

Nikaandika jina langu na kutia saini. Ukurasa wa nyuma sikuugeuza. Nasema wazi, sikuugeuza.

Jana saa 3:40 asubuhi mjomba alikuwa ameenda kwa kinyozi. Gari la idara lilisimama getini. Akashuka afisa utamaduni, mama wa makamo, na wapagazi wawili waliovaa glavu. Afisa alinishika mikono miwili akasema, "Pole sana kwa msiba."

Nilidhani amekosea nyumba. Nikauliza, "Msiba wa nani?"

Akafungua faili akasoma barua ya rambirambi yenye mhuri, na jina lililotajwa lilikuwa la mjomba. Ilisema taifa limepoteza hazina. Nikakaa kwenye kiti cha cherehani. Nikamwambia afisa kwamba mjomba ni mzima, yuko kwa kinyozi.

Akanipapasa bega. "Mama, wengi husema hivyo. Si rahisi kukubali."

Nikapiga kelele kwamba asubuhi amekunywa chai vikombe viwili. Akamwambia mpagazi aniletee maji. Wakati huo mazeze saba yalikuwa yanatoka mlangoni, moja moja, yamefungwa mablanketi. Nilimshika mpagazi mkono, akanionyesha saini yangu, na ukurasa wa nyuma ulioandikwa kwamba mrithi anakabidhi vyombo vyote kwa makumbusho. Gari liliondoka saa 4:05, afisa akabaki kunifariji.

Saa 4:15 mjomba aliingia, ndevu zimenyolewa upande mmoja, maana kinyozi alikatikiwa umeme. Afisa alimwamkia, "Shikamoo," kisha akaangalia picha kwenye faili, na faili likamdondoka. Ndipo akaeleza kuwa Fungu la Urithi ni la wasanii waliofariki, na wao wakiona mrithi wanajua mwenyewe hayupo. Alisema kwenye mfumo hawezi kumrudisha mjomba kuwa hai bila uthibitisho wa polisi.

Mjomba alimwomba asome tena ile barua, yote, polepole. Akasema, "Miaka tisa naomba. Kumbe kasoro yangu ilikuwa moja tu." Hakucheka, wala hakunilaumu, na hilo ndilo limenichoma zaidi.

Leo saa 4:00 asubuhi nilipiga simu makumbusho. Aliyepokea akasema, "Ondoa shaka, mama, yote yamefika salama. Nyuzi tumeshazikata. Zikiachwa zimekazwa zinapinda shingo ya zeze. Ni utaratibu wetu."

Nyuzi zile mjomba alizisokota mwenyewe kwa utumbo wa mbuzi, kabla vidole vyake havijaanza kutetemeka. Hawezi tena kusokota nyingine, na mimi hajanifikisha huko.

Naomba iandikwe kwamba mjomba yu hai, ili mazeze yake yarudi. La nyuzi sijamwambia. Hayo ndiyo niliyoyaona, na niliyoyafanya kwa mkono wangu. Nimesomewa, nami nayakubali.

Sahihi ya shahidi: (ametia)

Maelezo haya nimeyaandika mimi, koplo wa zamu. Mjomba wa shahidi yupo benchi la nje. Nimemwona kwa macho yangu na kuzungumza naye. Ameniuliza mazeze yatarudi lini, kwa kuwa yasipopigwa siku tatu nyuzi hulegea. Nimemwambia asubiri.